Noa wa Wifi Yangu

Wifi yangu Trinidad Riloha si mtu wa kusifiwa, na mimi sina ulimi wa kusifia, kwa hiyo msitegemee. Ni mbishi. Ana miguu mikubwa ya mtu aliyebeba mizigo ya wageni maisha yake yote, na njiani hutembea mbele ya wanaume hata pale asipoijua njia. Kaka yangu Rufino alipomleta nyumbani, nilimwambia huyu atakufikisha pabaya. Uliomfikisha pabaya Rufino ni mchikichi. Aliteleza akigema tembo, akaanguka, akafa, na Trinidad akabaki na binti mmoja, Consuelo, pamoja na mimi, ambaye hakuniomba kwa mtu.

Hapa Bosoke, kusini kabisa mwa kisiwa cha Bioko, riziki ni mbili. Unalima magimbi halafu nungunungu wanakula, au unawafanyia kazi watu wa utafiti. Trinidad alianza kwa kuwabebea masanduku kichwani. Baba yake, mzee Fermín, alikuwa ndiye mkata kasa wa kijiji, enzi zile kasa wakiliwa bila mtu kuuliza, na binti alikua akimshikia kisu. Kwa hiyo watafiti walipotafuta mtu wa kupita ufukweni kila alfajiri, asome alama mchangani, aseme kasa gani amepanda, ametaga wapi na karudi lini baharini, nani angeshindana naye? Watu walimcheka. Walisema binti wa mchinjaji amegeuka mkunga.

"Na nyie mlionenepa kwa nyama ya baba yangu," aliwajibu, "mmegeuka nini?"

Mimi nilichukuliwa kupika kambini. Bosi wetu alikuwa Daktari Anacleto Ondo, Mfang wa mji wa Bata kule bara, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Tulimwita Daktari wa Miti maana hata mafua hakuweza kuyatibu. Yeye alitaka kujua msitu unapata nini kutoka baharini. Alisema mayai yanayooza mchangani, na yale yanayochimbuliwa na kaa na nyani, yanailisha miti iliyo nyuma ya ufukwe. Basi kila siku Trinidad alichuma majani ya miti ya karibu na ya mbali, akayakausha juu ya jiko langu mpaka samaki wangu wakanuka dawa. Nilimwambia Daktari, "Hata mimi najua msitu unakula. Wewe unatafuta risiti tu." Akacheka, akaendelea kukausha.

Mwaka ninaousema, Consuelo alikuwa na mimba kubwa, ya kwanza. Mumewe yuko Malabo kwenye ujenzi. Trinidad hakulala vizuri. Kila jioni alivuka Mto Olaha kurudi kijijini kumpapasa binti yake tumbo, na kila alfajiri alivuka tena kuja ufukweni. Nilimwambia apumzike. Akaniambia, "Wifi, wewe pika."

Asubuhi ile nasugua sufuria, namwona anakuja mbio. Trinidad hakimbii. Nikajua kuna jambo.

"Noa amenasa," alisema. "Nyuma ya gogo kubwa. Yuko hai."

Noa ni yule kasa mkubwa kuliko wote, mwenye mgongo wa ngozi. Tukakimbia, mimi, yeye, Daktari na wapagazi wawili. Kweli bwana. Mawimbi ya usiku yalikuwa yameangusha mti mzima ufukweni, na noa alipanda akapita kati ya gogo na mizizi yake. Alikwama hapo kama jongoo kwenye chupa. Pezi lake la mbele liliingia chini ya mzizi mpaka begani. Alivuta pumzi kwa sauti nzito, halafu kimya kirefu, halafu tena. Jua lilikuwa linatoka na hakuna kivuli pale.

Daktari akapiga magoti. "Hajataga," alisema. "Angalia alama, amepanda tu. Ana mayai yote tumboni."

Lakini mimi sikuwa namtazama noa. Nilikuwa natazama kuti la mchikichi lililosimikwa mchangani karibu na kichwa chake.

"Wifi," nilisema, "nani kasimika hilo kuti?"

Trinidad akalitazama kana kwamba nimemwonyesha nyoka. Akatazama mkono wake. Alikuwa amelisimika yeye. Alipomkuta tu, kabla hajafikiri lolote, mkono ulivunja kuti ukalisimika, kwa sababu ndivyo baba yake alivyomfundisha tangu hajaota meno ya ukubwani. Wa kwanza kumwona kasa husimika kuti, na kasa anakuwa wa nyumba yake. Kazini wana vibendera vyao vyekundu. Vilikuwa mfukoni mwake, vimekunjwa vizuri.

"Liache," alisema. "Chimbeni."

Tukachimba. Tulimfunika noa magunia yaliyoloweshwa, tukamwagia maji ya bahari kwa ndoo, tukachimba mchanga chini ya tumbo lake kwa majembe na kwa mikono. Tulidhani tukishusha mchanga atashuka nao, atoe pezi. Tukafika kwenye mwamba. Mpagazi mmoja alikuwa ametumwa kijijini, na sasa wanaume wa Bosoke walikuwa wanakuja, saba, mbele yao mzee Deogracias Boleka na kamba yake ya nailoni begani. Hiyo kamba aliinunua kwa ajili ya mtumbwi, na hamwazimi mtu hata akifiwa. Aliliona kuti kabla hajamwona kasa.

"La nani?"

"Langu," alisema Trinidad.

"Haya. Nyumba ya Casta imepata kasa." Casta ni mama yake Trinidad, maana kwetu nyumba ni ya mama. "Siku hizi hamli, basi mfanye mnavyofanya."

Daktari, maskini, alikuwa amezunguka gogo mara kadhaa akipima kwa macho. Akasimama, akafuta miwani. "Njia ni moja," alisema. "Tumgeuze chali. Akilala chali pezi litachomoka lenyewe, tumvute juu ya turubai mpaka majini, mawimbi yatamgeuza tena. Watu wanane wanatosha."

Wanaume waliangalia miguu yao. Daktari akadhani hawakumsikia, akaanza kurudia, na Deogracias akamkatiza.

"Daktari, kwetu kasa aliyegeuzwa ni nyama. Hata akiwa bado anapumua ni nyama. Ukimrudisha baharini umeichukulia bahari kilichokwisha toka kwake kikawa chetu, halafu umekitupa. Itataka mtu mahali pake. Na itamtaka kwenye nyumba yenye kuti."

"Basi mimi nitamgeuza. Mimi si wa hapa."

"Kuti limesimikwa. Wewe unaweza kutoka mwezini, haibadilishi kitu."

Nyumba ya Casta. Nilihesabu bila kutaka. Casta alishakufa. Trinidad hana ndugu. Nyumba nzima ilikuwa Trinidad, Consuelo, na huyo aliye tumboni. Mtu anayetaka kunicheka anicheke, lakini alikuwepo mtu pale ufukweni ambaye hakuamini? Hata wapagazi waliosoma sekondari walirudi nyuma. Trinidad naye aliamini kuliko sisi sote, maana alikulia ndani ya mambo hayo.

Daktari alimgeukia. Nampa heshima yake, hakubishana, wala hakuleta maneno ya vitabuni. "Trinidad, kasa watakuja wengine," alisema. "Tukimwacha hakuna atakayekulaumu. Mwenye nyumba ni wewe."

Noa akavuta pumzi. Safari hii ilikatika katikati. Maji yalimtoka machoni, yale mazito yenye mchanga, na ngozi yake iliyokuwa nyeusi ilianza kuwa nyekundu shingoni kwa joto.

Trinidad alikaa chini kando ya kichwa chake. Akaweka kiganja ubavuni. Mimi namjua huyu mwanamke, nilijua anachofikiria kabla hajasema, na nilitaka kumziba mdomo.

"Ana mimba," alisema. "Nimwache afe na mimba yake mbele ya macho yangu, halafu jioni nikamshike Consuelo tumbo kwa mkono huu huu?"

"Wifi, usianze."

"Hapo kuna njia, Práxedes? Nionyeshe. Nikimgeuza, bahari inadai. Nikimwacha, ni mimi niliyemwacha. Nionyeshe njia nipite."

Sikuwa na njia. Nilikuwa na hasira tu, na hasira yangu yote ilikuwa juu ya lile kuti.

"Mgeuzeni," alisema Trinidad.

Walimgeuza. Sitaki kueleza sana. Uzito ule, kelele aliyotoa, pezi lilivyochomoka limechubuka mpaka nyama nyeupe. Watu wanane walimvuta juu ya turubai na kamba ya Deogracias ikapita chini ya mabega yake. Deogracias mwenyewe alivuta huku analaani, kila hatua tusi. Kwenye mawimbi maji yaliwafika kiunoni, likaja wimbi kubwa, noa akazunguka, akakaa sawa. Hapo ndipo kila mtu alimwachia na kukimbilia nchi kavu, isipokuwa Trinidad. Alibaki ameshika ukingo wa mgongo wake.

Kwetu anayerudisha anaweza kutaja jina kabla bahari haijachagua yenyewe. Nilikuwa nimesikia hilo utotoni. Sikujua mtu aliyewahi kulifanya.

"Trinidad Riloha, mtoto wa Casta," alisema kwa sauti, kila mtu akasikia. Kisha akafungua mkono. Noa alipiga pezi moja, la pili likafuata kwa shida, akazama.

Wanaume walikusanya vitu vyao. Deogracias akakunja kamba yake, na hata waliozoea kumtania Trinidad kila siku hawakumtania. Waliondoka mbele. Walituacha kwa makusudi, maana mtu aliyejitaja hivyo huvuki naye maji. Nilitukana migongo yao mpaka ilipopotea mitini. Trinidad alikaa mchangani akakausha nguo, akaniomba chai. Nikampa.

Mchana mvua ilianza kunguruma juu milimani. Ufukweni kwetu jua, lakini kule juu kulikuwa kweusi, na mtu yeyote wa Bosoke anajua maana yake. Trinidad alikuwa kwenye miti anachuma majani ya Daktari kana kwamba siku ni ya kawaida. Nilipomwita turudi mapema kijijini alisema ngoja nimalize mstari huu. Tulipofika mtoni, Olaha ilikuwa imeshabadilika rangi. Asubuhi ilifika magotini. Sasa ilibeba magogo.

Ng'ambo kulikuwa na watu. Sio wa kuchota maji. Walisimama wamepanga mstari, Deogracias katikati, na alipotuona aliweka mikono mdomoni.

"Consuelo ameanza! Ameanza vibaya! Anatoka damu!"

Trinidad hakupiga kelele. Aliuliza tu, na mimi ndiye niliyepaza swali lake ili livuke maji. Jibu lilikuja vipande vipande juu ya kelele za maji. Muuguzi amesema apelekwe Luba, hospitali. Gari limekuja, limesimama barabarani na injini inawaka. Lakini Consuelo ameshika mlango wa nyumba, hataki kupandishwa mpaka mama yake aje. Amesikia habari za asubuhi. Anasema hamwachi mama yake nyuma ya maji.

"Mwambieni aende!" nilipiga kelele. "Mwambieni mama yake anakuja kwa miguu!"

"Tumemwambia! Huyo ni mtoto wa nani?"

Trinidad alikuwa ameshaingia majini mpaka magotini. Nikamkamata nguo. Daktari, aliyekuja nyuma yetu, akamkamata mkono mwingine. Alisema atavuka naye, amshikilie. Trinidad akamtoa mkono taratibu. "Wewe huna mtu ng'ambo," alisema. "Mimi nimeshataja jina. Acha nilipe nikiwa naelekea kwake."

Hapo ndipo nilipoanza kulia, na nikilia huwa natukana. Tulihitaji kamba. Kambini kwetu kulikuwa na nyuzi za kupimia miti, haziwezi kuvuta hata mbuzi. Kamba ilikuwa moja tu, na ilikuwa begani mwa Deogracias, imekunjwa, kavu. Nilimwita kwa jina la mama yake. Nilimuuliza kama ameinunua kuja kujinyongea. Wale wanaume walitazamana. Nilielewa kabisa wanachoogopa: atakayemshikia kamba mtu aliyejitaja anajifunga naye nyumba moja, na Olaha ni njia fupi ya kufika baharini.

Trinidad akapiga hatua nyingine. Maji yakamfika kiunoni na yakamsogeza.

"Trinidad!" Ilikuwa sauti ya Deogracias, na ilikuwa ya ugomvi. "Simama hapo. Nani alikupa ruhusa ya kurudisha pezi langu baharini?"

Akasimama.

"Pezi la mbele la kulia ni la nyumba yangu. Tangu babu yangu. Baba yako alikuwa ananiletea mwenyewe mpaka mlangoni, lina damu, bila kuombwa. Wewe leo unataja jina lako zima zima kana kwamba kasa alikuwa wako peke yako. Uroho gani huo? Fermín alikulea hivyo?"

"Shingo ni yetu," alisema mwingine pembeni yake. Liborio, yule mwenye kibanda cha bia. Alisema kwa sauti ya mtu anayekumbuka jambo la kudaiwa. "Hakuna aliyeniuliza kuhusu shingo."

"Na ini la wazee."

"Mkia je? Mkia ni wa nyumba ya Siale."

Jamani. Mto unanguruma, msichana anamwaga damu, na wanaume wazima wanagombania nyama iliyoondoka zamani. Ilinichukua muda kuelewa. Kwetu mwenye kuti hamli kasa peke yake, hukata akagawa, na mwenye kula fungu ana fungu lake pia la kila kinachomfuata yule kasa, hata deni la bahari. Walikuwa wanachukua mafungu yao. Walikuwa wanayachukua kwa hasira, huku wananuna, kwa sababu hawajui kufanya jambo jema bila kununa.

Deogracias alifunga kipande cha gogo mwishoni mwa kamba akakirusha. Kikaanguka katikati, mto ukakichukua. Akakivuta, akatusi, akarusha tena. Daktari aliingia majini akakidaka, akazungusha kamba kwenye mti, akakata kipande kilichobaki, akamfunga nacho Trinidad chini ya kwapa na kumpachika kwenye kamba kwa kitanzi. Ng'ambo walikuwa wameshika wote, hata wake zao.

Akaingia. Alikwenda hatua kwa hatua, akipapasa mawe kwa ile miguu yake mikubwa. Katikati gogo lilikuja. Sote tuliliona na yeye hakuliona, na kelele zetu hazikumfikia. Lilimgonga nyonga, akapotea. Kamba ilikaza mpaka mti wetu ukalia. Nilimwona Liborio amekaa chini kabisa, visigino vimezama matopeni, na Deogracias nyuma yake anavuta huku anahesabu nyumba moja moja kwa sauti, kwa Boleka, kwa Siale, kwa fulani, kwa fulani. Kichwa kilitokea chini zaidi, karibu na ukingo wao. Wakamtoa kwa nywele.

Mimi nilivuka nyuma yake kwa kamba hiyohiyo, macho nimefumba, na sitakuambia nilimwahidi nini Mama Bisila, mlinzi wa kisiwa chetu.

Nilipofika barabarani Consuelo alikuwa amelazwa nyuma ya gari, juu ya godoro, uso wake hauna rangi. Trinidad alisimama pembeni akitiririka maji, nyonga inavuja damu. Alitaka kumgusa na aliogopa.

"Ni kweli umetaja jina?" Consuelo aliuliza.

"Langu. Sio lako, wala la mtoto. Usiwe na wasiwasi, nilitaja langu."

Consuelo akamtazama. Alikuwa na maumivu ya kuua mtu, na bado alipata nafasi ya kukasirika.

"Mama, kwani mimi nina mama mwingine wa akiba?"

Mwanamke aliyemjibu kila mtu Bosoke akapanda garini, akakiweka kichwa cha binti yake mapajani, akaanza kulia kwa sauti, mbele ya wanaume wote wale, na muuguzi akapiga paa la gari dereva aondoke.

Mtoto alizaliwa Luba, wa kike, mdogo, mzima. Consuelo alikaa huko mpaka damu ikatulia. Waliporudi, Trinidad hakupumzika hata kula. Alimchukua mjukuu akapita nyumba kwa nyumba, mimi nyuma yake, na kila mlango alisema maneno yaleyale: nisameheni, nilirudisha kitu chenu bila kuwauliza. Sikuwahi kumsikia akimwomba mtu msamaha, hata kaka yangu. Walimpokea mtoto, wakamshika kidogo, wakamrudisha. Deogracias alikuwa wa mwisho. Alikuwa anashona wavu na hakuinua kichwa mara moja.

"Mwakani," alisema, "uniulize."